Mashine ya Kumsomea Evode

Evode alipopoteza macho hakulalamika sana. Mwalimu huyu wa mtaa wa Nengo, mpakani mwa Rwanda, alikuwa amezoea kupiga taipu tangu ujana, kwa hiyo vidole vyake viliendelea kuandika kwenye kompyuta kuukuu ya mkewe, Gatesi. Kilichomuuma ni kusoma: kila alichoandika, ilibidi Gatesi amsomee.

"Mume gani huyu," Evode alisema asubuhi moja ya mwaka 1999, "hawezi kumwandikia mkewe neno mpaka mkewe alisome kwanza na kumsahihishia?"

Gatesi alicheka, lakini neno lile likamkaa moyoni. Alikuwa amesomea kompyuta Dar es Salaam kabla familia yao haijarudi Rwanda, na alikuwa amepata programu inayotamka maandishi kwa sauti. Ilikuja ikiwa bado maandishi ya watunzi wake. Kuyageuza yawe lugha ya mashine ni kazi ya programu nyingine, iitwayo kompaila, na kompaila ya toleo lake la kale la Linux, mfumo ulioendesha kompyuta yake, haikuweza kuigeuza. Toleo jipya nalo halikuenea kwenye mashine ndogo kama ile. Ilibaki njia moja: kompaila kuukuu ijenge mpya, kisha mpya ijijenge tena yenyewe mpaka ikomae.

Mpya ya kwanza ilipotoka, diski ilikuwa imejaa. Gatesi akaifuta ile kuukuu apate nafasi. Mpya ikaanza kujijenga, ikakwama. Ilikuwa na kasoro, na sasa hapakuwa na kitu cha kuitengenezea. Siku hiyo alimsomea Evode kama kawaida, asimwambie lolote.

Kesho yake alivuka mpaka kwa miguu kwenye kituo cha Petite Barrière, akipishana na kina mama wenye mabeseni ya nyanya, hadi Goma kwa Kabera, binamu ya Evode na fundi wa redio na kompyuta. Kabera alikuwa na sidii ya toleo lile lile la kale. Alimsikiliza hadi mwisho, akaweka bisibisi chini.

"Shemeji, kwenu Rugerero munafuga ngombe. Donc, basi unaosha kibuyu mbele maziwa ya mupya haiyaganda?"

Gatesi akatahayari. Mama yake hakuosha kibuyu cha mtindi kikatakata hata siku moja. Daima aliacha tone la jana ligandishe maziwa ya leo.

"Basi nipe hilo tone," alisema. "Na usimwambie kaka yako."

"Atajua tu. Ule mutu anasikiaka hata vile unapumua."

Alirudi na disketi ambazo Kabera alinakilia kompaila kuukuu kutoka kwenye sidii, amezifunga ndani ya kitenge. Safari hii alifuta michezo yake ya karata, kompaila kuukuu akaiacha mahali pake. Akaitafuta kasoro, akaiona, akaanza upya. Kuukuu ikazaa mpya, mpya ikazaa nyingine, nayo ikazaa ya tatu. Alipozilinganisha mbili za mwisho, hazikutofautiana hata chembe: kompaila mpya ilikuwa imekomaa. Ndipo akaijenga programu ya sauti.

Sauti ilikuwa mbaya, ya puani, ikitamka Kiswahili kama mgeni aliyeshuka jana. Evode aliisikiliza ameinamisha kichwa, akiandika neno moja moja.

"Gatesi," alisema mwishowe, "hebu toka nje kidogo."

Gatesi alikaa kizingitini. Ndani, mashine ilisoma, ikanyamaza, ikasoma tena. Evode alikuwa akijisahihisha mwenyewe, akifuta na kuandika upya. Kupitia dirisha Gatesi alisikia jina lake likitamkwa vibaya. Akainuka, akaenda mwisho wa ua asisikie zaidi, akasubiri aitwe.