Nani Angemwosha

Shule niliachia darasa la nne, lakini miaka ile ya tisini hakuna mtu Kapkatet angeweza kukusanya watu kunishinda. Nilitoka upande wa ziwa na shati moja, nikawa na bucha mbili. Ndiyo maana sista wa zahanati ya kanisa, alipotaka watu wa kujitolea kuuguza wagonjwa manyumbani, hakwenda kwa walimu. Alikuja buchani. Kwa wiki moja nikampatia kumi na wawili.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa mkulima wa chai, mke amemkimbia, mgongo umeoza hadi funza. Nikamtuma binti wa jirani yake, msichana wa nguvu asiyeogopa harufu. Sikuuliza mtu. Ruhusa ya kuosha mgonjwa huombwa wapi?

Siku ya tatu niliwapelekea supu. Binti alikuwa amemgeuza mgonjwa na kumfunua blanketi. Mlango ukapigwa teke. Babake akaingia na rungu, bila hata salamu, akampiga binti kwenye mkono ulioshika kitambaa. Nilisikia mfupa ukivunjika, na mifupa mimi naijua. Alipoinua rungu tena nikamrukia. Tuliangukia beseni, tukagaragazana kwenye maji ya usaha. Alining'oa meno mawili. Nami nikambamiza kichwa ukutani mpaka udongo ukamwagika. Mgonjwa alikuwa akivuta blanketi ajifunike, na hawezi.

Nilipomkalia kifuani, akatema damu.

"Huyu tulitahiriwa naye pamoja," akasema. "Binti yangu ni binti yake. Atamwonaje uchi? Wewe mtoto wa ziwa, hata kisu cha tohara hujaonja, utajua nini?"

Kumbe kwao waliotahiriwa pamoja ni rika moja, na mtoto wa mmoja ni wa wote. Msamaha sikuzoea kuomba. Nikamwambia, "Sawa, mzee, nimetuma mtu asiyefaa. Sasa nani wa kumwosha?"

Mgonjwa ndiye aliyejibu, sauti yake ndogo kabisa. Alisema wenzake wote wa rika wanajua amelala pale, na wa kwanza kuingia ameingia na rungu.

Nikamwachilia yule mzee. Alikaa chini kidogo, kisha akaokota beseni akauliza maji yako wapi. Alimwosha vibaya, kama mtu anayesugua ng'ombe, mpaka nikamwonyesha namna ya kuinua mgongo. Kesho yake alirudi na wenzake watatu wa rika. Funza hawakuonekana tena.

Binti nilimpeleka hospitali mwenyewe siku ileile ya rungu, kwa pikapu yangu. Njiani nikamwomba asiache kazi. Akasema atarudi mkono ukiunga, lakini kuanzia siku hiyo yeye ndiye atakayepanga nani aende kwa nani, mimi nilete watu tu. Mimi si mtu wa kupangiwa. Nikakubali kabla hatujafika getini.