Chai ya Mpiga Picha za Magoti

Mpiga eksirei wa maabara ile ya Lushoto haagizi chai ili ainywe. Hukikumbatia kikombe kwa viganja vyote viwili mpaka mikono ipate moto, maana sungura akiguswa na mikono ya baridi hushtuka, na picha ikaharibika. Vumilia, anayemshikia sungura, amezoea kumwona akikisukuma kando kikombe kikiwa bado kimejaa, kisha akimsemesha mnyama kwa Kishambaa, kwa adabu zote, kama anaongea na mkwe. Sungura hao wamesababishiwa ugonjwa wa kusagika magoti, na mpiga picha anautafuta mwanzo wake kwenye mfupa, kabla mnyama hajaanza kuchechemea. Miezi ilipita picha zikitoka safi, hazionyeshi kitu, na wakubwa walishaanza kusema utafiti ufungwe.

Leo asubuhi dada huyo aliikuza picha ya sungura mmoja kwenye kompyuta. Akaweka pembeni yake ile ya mwezi uliopita. Ukingoni mwa goti palikuwa pamechomoza kinundu cha mfupa, kama jino la mtoto linapochungulia kwenye ufizi.

“Lakini dada, huyu mbona anaruka vizuri tu,” alisema Vumilia.

“Anaruka, ndiyo. Hata yeye hajajua.” Alikigusa kile kinundu kwenye kioo kwa kidole. “Umejificha vya kutosha, bwana. Nimekuona.”

Nje ya dirisha kina mama walikuwa wakipanda kilima na matenga ya kabichi kichwani, mmoja amejishika goti. Aliwatazama mpaka wakapita kona. Kisha akakivuta kikombe, akainywa chai yote, ilivyopoa vile vile.