Fundi wa Makole niliyemwita tapeli humu: ukweli kuhusu feni ya hita na swichi yangu ya siri

Wakuu, salaam. Leo sina stori ya kuchekesha. Nitakayoandika ni ya kweli yote, hata yale yanayonivua nguo mwenyewe.

Mtakumbuka mwezi wa saba niliweka uzi humu kuwaonya kuhusu Idi, fundi umeme wa magari pale Makole. Nikamwita tapeli. Nikasema anaharibu makusudi ili mteja arudi. Like zikamiminika, na mmoja wenu akaandika "asante mkuu, umetuokoa".

Hasira niliyonayo leo hata sijui niipeleke wapi. Ngoja nianze mwanzo.

Nina kigari cha spoti, milango miwili, used kutoka Japani, kiko chini kiasi kwamba tuta la barabarani nalipita kwa dua. Msiniulize kwa nini mtumishi wa umma anayekaa Ihumwa, njia ya vumbi mpaka mlangoni, alinunua gari ya namna hiyo. Mke wangu ameshauliza ya kutosha.

Mnaoishi Dar, hita kwenu ni pambo. Huku Dodoma mwezi wa sita na wa saba asubuhi upepo unakata masikio. Mkikaa wawili ndani ya gari ndogo, kioo cha mbele kinajaa ukungu wa pumzi zenu mpaka barabara huioni.

Sasa feni ya hita ikaanza vituko. Namba moja na mbili inapuliza vizuri. Ukiweka namba nne, dakika chache tu, kimya. Ukiizima ikapoa, inarudi kama hakuna kilichotokea.

Nikaenda kwa Idi. Akapima fyuzi, nzima. Akatoa mota ya feni akaipiga direct kwenye betri, ikazunguka bila shida. Akabadilisha resistor, kile kidude kinachogawa spidi za feni. Siku tatu safi, ya nne kimya.

Nikarudi. Akabadilisha swichi ya feni. Wiki moja, kimya tena.

Mara ya tatu akalala chali chini ya dashibodi, upande wa abiria, tochi mdomoni. Akakaa humo muda mrefu. Alipotoka akaniuliza:

"Kaka, kuna kitu chochote kiliwahi kuongezwa kwenye umeme wa gari hii?"

Nikamjibu hakuna.

Akaniangalia. Akauliza tena, taratibu. Nikajibu tena hakuna, safari hii kwa ukali, maana nilishaanza kuona ananitafutia sababu. Akarudishia droo ya dashibodi, akasema basi yeye kafika mwisho, nijaribu kwa mwingine.

Wakuu, kitu kilikuwepo.

Nilipoinunua ile gari niliifungia swichi ya siri. Mnazijua. Kaswichi kadogo unakaficha mahali, mwizi akiingia na kuwasha, pampu ya mafuta haifanyi kazi. Jamaa aliyenifungia alinionya nisimwonyeshe mtu, hasa mafundi, kwa sababu eti wao ndio wanaouza siri kwa wezi. Nikaona ana akili huyu. Hata mke wangu sikumwambia iko wapi.

Na msijifanye watakatifu, wengi humu mna vya kwenu mmevificha.

Basi nikarudi nyumbani nimevimba, nikaandika ule uzi. Jina lake, mtaa, kila kitu. Nikalala usingizi mtamu kabisa.

Wiki mbili baadaye, asubuhi, naelekea mjini na mke wangu. Baridi kali, kioo kimejaa ukungu, nikaweka feni namba nne. Nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Kabla sijasema neno, feni ikafa na injini ikazima pamoja nayo. Usukani ukawa mzito, breki nzito, nyuma yangu lori la saruji linapiga honi. Nilijitupa pembeni na lile lori likapita karibu sana na mlango wa mke wangu.

 

Nikapeleka mkono kwenye swichi yangu ya siri. Nyaya zake zilikuwa za moto.

Nikampigia fundi mmoja wa pale Ihumwa, na huyu nilimwonyesha. Ningefanyaje? Hakumaliza nusu saa. Yule jamaa wa swichi alichukua waya wake wa earth, ule wa kurudisha umeme kwenye bodi, akausokota kwenye earth ya feni, akazungushia selotepu. Feni ikiwa namba nne inavuta umeme mwingi, ile selotepu na msokoto wake vinachemka, feni inakata. Siku hiyo maungio yaliungua yote, na swichi ya siri ikapoteza earth, ikazima pampu. Fundi akakipa kila kimoja earth yake, bolti kwenye chuma kisafi. Mpaka leo feni inapuliza.

Nikaenda Makole. Gerejini kwa Idi palizoea kuwa na foleni. Nilikuta gari moja.

Nikamweleza yote. Akafuta mikono kwa kitambaa.

"Swichi yako niliiona ile mara ya tatu," akasema. "Na yale maungio niliyaona."

Nikapandwa na hasira, nikamuuliza kwa nini basi hakusema, mke wangu nusura afe.

"Nilikuuliza mara mbili, ukasema hakuna. Nikigusa swichi ambayo mwenyewe umenificha, gari ikiibiwa kesho polisi wanaanza na nani?"

 

Nilimpa ufunguo wa gari nzima, nikamnyima ukweli wa kaswichi. Halafu nikamtangaza tapeli. Wazee walishasema, mficha uchi hazai. Kama fundi humwamini, usimpelekee gari. Kama umempelekea, mwambie kila kitu ulichofunga.

Nilimwomba msamaha. Akasema msamaha wa mle gerejini haumsaidii, hakutukaniwa pale. "Ulinitangaza wapi? Kaseme huko huko."

Ndiyo nimekuja kusema. Fundi Idi si tapeli. Mwongo nilikuwa mimi.

Mods, ule uzi wa zamani msiufute, ufungeni tu na muweke huu juu yake. Wengine karibuni, nitukaneni mnavyotaka, nimekaa hapa nasoma. Ila wewe uliyeandika "umetuokoa", naomba uanze wewe. Idi alinitajia komenti yako neno kwa neno.