Asumini za Katalogi

Mama alitoka Unguja baada ya Mapinduzi na sanduku moja la nguo. Hapa ughaibuni, Thornton Heath, hakulilia nyumba wala dhahabu alizoziacha, alililia asumini. Harusi yangu ilipokaribia akaapa kwamba sitaolewa na maua ya plastiki. Kikuba changu, cha asumini na majani ya mrehani, cha kubandikwa kifuani, atakitunga mwenyewe, na mtu asimgusie uzi wake.

Basi akaagiza mche kwa katalogi. Mie nilimkataza, nikamwambia ua halitafutwi kwa picha, twende kitalu cha hapa mtaani ukalinuse kwanza. Wapi! Katalogi zile alizipenda mno, akizipekua kitandani na kupapasa picha kwa kidole. Mche wa kwanza ulikuja kwenye boksi, ukachanua manjano katikati ya baridi, harufu hamna hata chembe. Nilimcheka mpaka akanuna. Wa pili ulichanua maua meupe, lakini niliporudi kutoka kazini nikaukuta kwenye pipa la taka, umelowa mvua. Mama akasema ati wanatuuzia majani matupu hawa. Alikuwa na hasira kweli kweli.

Jumamosi moja akakubali twende kitaluni. Kufungua tu mlango wa banda la vioo, harufu ikanipokea. Wallahi machozi yalinilenga. Ilikuwa asumini yenyewe, ya kwetu, imejaa maua. Nikamshika mkono nikampeleka.

Akainama, akafumba macho, akavuta pumzi. Akavuta tena kwa nguvu. Akachuma ua moja, akalifikicha, akalipeleka puani. Mwenye kitalu alitutazama akitabasamu.

“Na hili pia halinukii, mwanangu,” akasema taratibu.

Hapo nikafahamu kwa nini ule mche wa pili ulitupwa. Nikakumbuka na mchuzi uliokuwa ukiungua wiki iliyotangulia, naye kakaa papo hapo jikoni hana habari ya harufu. Niliumia. Nikamwambia tu tuuchukue, maua yake meupe yatapendeza. Hakubisha.

Siku ya harusi alikitunga kikuba mwenyewe kama alivyoapa. Akanibandika kifuani, akanyoosha kola ya nguo yangu. Chumba kizima kilikuwa kinanukia, mashangazi wanavuta pumzi kwa raha. Akaniinamia sikioni, wao wasisikie.

“Hebu niambie,” akasema, “kinanukiaje?”