Tambara Ndani ya Lori la Bi Zuweina

Pemba haina reli hata ya kuchezea, lakini ukifika Ole ukauliza nyumba ya Fundi Treni utapelekwa mpaka mlangoni. Msellem alitumika bara, akivifuata vichwa vya treni vilivyozimika porini, mahali ambapo fundi hulala chini ya mashine mpaka iwake. Alipostaafu alirudi na jina hilo, na jina likamlisha. Mafundi wengine walibishaniwa bei, yeye hakubishaniwa.

Ndiyo maana lori la karafuu la Bi Zuweina lilipozimika mlimani, juma moja tu baada ya kutoka mikononi mwake, hakuna aliyemshuku. Alishukiwa dereva, Kificho. Msellem akaitwa, akaja kwa baiskeli na ovaroli yake ya reli.

"Mzee Msellem, gari tangu litoke kwako halina pumzi," Kificho alisema.

"Halina pumzi, au weye huna mguu? Injini haivuti kwa matusi."

Wachumaji waliokaa juu ya magunia wakacheka. Bi Zuweina hakucheka. Karafuu mbichi zikikaa guniani hufukuta, na jua la kuanikia lilikuwa linakwenda zake.

"Fundi, nambie moja tu. Kama kosa ni lake, ufunguo namnyang'anya hapa hapa."

"Tutaona," akasema Msellem, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuona.

Akafungua bomba la hewa, akatia mkono. Vidole vikagusa kitu laini. Siku ile alipobadilisha chujio aliziba mdomo wa bomba kwa tambara, vumbi lisiingie. Hakulitoa. Kule relini kichwa hakiwashwi mpaka mafundi wawili wameonyeshana matambara yote. Huku alifanya kazi peke yake, na nani wa kumwambia Fundi Treni aonyeshe?

Tambara lilienea ndani ya ngumi. Mfuko wa ovaroli ulikuwa wazi. Kificho alikwisha kuutoa ufunguo, ameushika kwa ncha za vidole kama anayerudisha cha kuazima.

Msellem akalivuta tambara mbele ya watu wote.

"Kificho, niwie radhi. Kosa langu."

Hakuna aliyecheka safari hii, na hilo ndilo lililomchoma. Bi Zuweina akalichukua, akalikung'uta, akalitandaza juu ya boneti. Chini ya masizi likatokeza pindo jekundu. Kilikuwa kipande cha kanga ambayo yeye mwenyewe alimtunza Moza, mke wa fundi, siku walipomwoza binti yao.

"Kumbe. Nami kila nikimuona najiuliza, mbona Moza haivai?"

Moza hakujua lolote. Kanga aliianua Msellem mwenyewe kambani, akaichana, akanyamaza. Na mkewe mpaka leo alikuwa hasemi na Mwanawema, jirani yao, akidhani ndiye mwizi.

Lori likawaka bila kukohoa. Bi Zuweina alikuwa amelikunja tambara vizuri, akamrudishia.

"Mpelekee mwenyewe."

"Panda, Mzee, tukusogeze," Kificho aliita dirishani.

Msellem akakataa, na lori likapanda mlima. Akaikokota baiskeli, tambara mkononi, kichwani akipima njia. Nyumba ya Mwanawema ndiyo ya kwanza kufika.