Kiroba Kilichokaa Peke Yake

Dhahabu naijua kwa kuinusa, lakini wiki iliyopita, kwenye karasha moja, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, huko Geita, nilifunga mdomo. Mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, alikuwa akimshawishi mzee mmoja wa Kisukuma auze ng'ombe wake aingie ubia.

"Viroba saba vya mawe, baba! Wastani gramu sita kila kiroba!"

Mama mpima mawe wa pale karashani akaomba daftari la vipimo, akaandika gramu za kila kiroba vumbini kwa kidole, kuanzia ndogo hadi kubwa: moja, moja, mbili, mbili, tatu, tatu, thelathini. Akachora kisanduku kutoka moja hadi tatu, akakikata kwa mstari penye mbili, namba ya katikati.

"Shikamoo baba. Wenyeji, yaani viroba vya kawaida, wanalala humu. Upana wa kisanduku ni mbili. Chukua upana huo mara moja na nusu, unapata tatu; ongeza juu ya ile tatu ya ukingoni, unafika sita. Anayepita hapo ni mgeni." Akaweka kokoto mbali kabisa, penye thelathini.

"Marahaba. Na ile wastani sita anayoisema huyu?"

"Hakuna kiroba chenye sita, baba. Ni thelathini za mgeni zimegawiwa wenyeji."

"Mama, unaniharibia!" akalia mwenye duara.

"Nachora tu."

Mzee akatoa simu, akawapigia wachungaji wake. "Mnadani msiende. Rudisheni ng'ombe malishoni."

Mimi niliishia darasa la tano. Angenifundisha yule mama, leo mngeniita profesa.