Fileti na Mgongo Wazi

Harufu ya mgongo wazi haitoki nguoni hata ufue kwa sabuni gani. Nimejaribu, najua. Samaki aina ya mbuta akishafika kiwandani hutolewa mnofu, ndiyo fileti, mnofu ukapakiwa kwenye barafu kwenda Ulaya, na sisi wa mtaa wa Obunga, Kisumu, tukaletewa kilichobaki kwenye mikokoteni: kichwa, mkia, na uti wa mgongo wenye nyama kidogo iliyoponyoka kisu. Mama aliianika mifupa hiyo, ndiyo mgongo wazi, juu ya vichanja, na jioni aliikaanga kando ya njia katika karai kubwa jeusi, mpaka watu wa vibarua walipokwisha kupita kwenda makwao. Nilikulia ndani ya moshi ule na niliupenda. Hadi leo nikiunusa njiani mate hunijaa. Mwalimu mmoja ndiye aliyenifundisha kuuonea haya, na kati ya masomo yake yote hilo ndilo nililolishika sawasawa.

Nilikuwa darasa la sita, muhula wa pili, mvua zikipiga mabati hata husikii unachosomewa. Mwalimu Ochieng' alitufundisha hesabu. Alikuwa mtu nadhifu, shati limepigwa pasi, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko kiboko chake, ingawa kiboko nacho hakikulala njaa. Baada ya kila mtihani alitupanga upya kwa alama. Walioongoza walikaa mbele, akawaita Fileti. Sisi tulioburura mkia alituweka nyuma karibu na mlango, mvua ikitunyeshea miguu, akatuita Mgongo Wazi. Siku ya kwanza darasa zima lilicheka, hata sisi wenyewe tulicheka, maana mtoto hucheka kwanza, kuumia huja baadaye. Sheria yake ilikuwa nyepesi. Fileti waliruhusiwa kuuliza, Mgongo Wazi tulinyamaza. Ukinyoosha mkono kutoka nyuma alikuambia, "Kisu kimeshapita hapo. Unauliza nini na nyama hakuna?" Kisha aliongeza methali aliyoipenda, samaki mkunje angali mbichi, akatukumbusha kwamba sisi tulishakauka kitambo.

Mimi nilikuwa na swali moja tu. Ukigawanya sehemu kwa sehemu, kwa nini ile ya pili hupinduliwa, ya chini ikawa juu? Nilimuuliza Beryl, rafiki yangu wa tangu darasa la kwanza, ambaye sasa alikuwa Fileti, akasema ndivyo inavyofanywa. Nami sikuwa na muda wa kuchezea, kwa sababu mwalimu alikuwa ametangaza kwamba atakayeanguka mwisho wa muhula atatafuta shule nyingine, asije akatushushia wastani. Kwetu shule nyingine haikuwepo. Lilikuwepo karai.

Ajabu ni kwamba kila jioni Mwalimu Ochieng' alikuja kununua samaki kwa mama, na pale alikuwa mtu mwingine kabisa. Alichutama kando ya moto, akaulizia mvua, akaulizia mgongo wa mama uliokuwa ukimsumbua, na akiuliza alisubiri ajibiwe. Alitania kwa Dholuo, lugha yetu, mama akacheka hadi akafuta machozi. Mimi nilisimama hapo nimeshika gazeti la kufungia. Kumbe kuongea na watu alikujua vizuri sana, ila sisi alitunyima. Hilo liliniuma kuliko matusi yake yote.

Jioni moja nilimweleza mama tunavyoitwa. Aligeuza vipande kwenye karai. Kesho yake mwalimu alipokuja, wateja wakiwa wamesongamana, mama alimwambia, "Japuonj, mwalimu wetu, mimi sikusoma. Kuuliza si ujinga, ama?"

"Uliza tu, Mama Akoth."

"Hii kitu unakula kila siku inaitwa nani?"

Mwalimu akacheka. "Si ni mgongo wazi!"

"Na mtoto yangu, huko shule unamwita nani?"

Mama akamalizia kwa sauti ya sokoni: "Si unamwita mgongo wazi? Sasa mbona kila jioni unakuja kunyonya mifupa kwa mama yake? Enda ununue fileti, japuonj. Hapa hakuna yako."

Watu waliangua kicheko, na mvuta mkokoteni mmoja akapiga makofi. Mwalimu aliondoka mikono mitupu. Sijawahi kumpenda mama kama jioni ile.

Asubuhi nilivaa kaptula mbili chini ya sketi, nikijua nitachapwa. Sikuguswa. Alipoita majina aliruka langu. Aliporudisha madaftari, langu aliliacha mezani kwake. Kisha akaliambia darasa, "Huyu ana mama wa kumsemea. Asisemeshwe na mtu." Ukitaka kujua ukatili, wape watoto ruhusa. Walitii kwa furaha, wakaufanya mchezo, na Beryl akawa anavuka barabara akiniona. Nikaanza kukitamani kiboko, kwa kuwa anayekuchapa angalau amekuona. Siku moja nilisimama nikauliza swali langu kwa sauti, lote, kugawanya na kupindua. Mwalimu aliendelea kuandika ubaoni, chaki haikutetereka. Nilisimama mpaka kengele ikalia.

Mtihani ulinishinda. Hata kunifukuza hakunifukuza mwenyewe, alimtuma Beryl. "Mwalimu amesema utafute shule." Ndiyo maneno ya kwanza Beryl aliyonisemesha tangu jioni ile, na yakawa ya mwisho.

Nilipelekwa Sondu kwa mama mdogo, na tangu hapo mama nilimwona likizo tu, mpaka akafa. Huko mwalimu wa kike alichukua nusu ya chapati yake ya chai, akaniuliza, "Robo ngapi zinaingia hapa?" Nikaona mbili: chapati nzima ina robo nne, nusu yake mbili; ndiyo ile nne inayopanda juu. Basi. Nililia mbele yake kwa hasira, kwa sababu jibu lililonitenga na mama lilikuwa dogo kiasi kile.

Leo mimi ni mwalimu hapa Kisumu. Siku hizi kwenye semina tunahimizwa kuongea na mtoto, kumjua, kumsikiliza, na wakubwa wanavyolitamka jambo hilo ungedhani wamelivumbua juzi. Muhula uliopita, siku ya wazazi, aliingia mzee amemshika mjukuu mkono. Nilimtambua Mwalimu Ochieng' kabla hajaketi. Yeye hakunijua.

"Mwalimu, nakuomba," alisema. "Huyu ukimfokea anajifunga. Ukiongea na yeye polepole, anashika."

Mkuki kwa nguruwe. Nilimgeukia mtoto, tukaongea. Nilimuuliza nini kinamsumbua, nikasubiri, akanieleza, tukachora, tukacheka, nikamwambia hesabu zake zinakuja vizuri. Nampenda mtoto yule, hana kosa. Babu yake aliuliza kitu, sikuinua kichwa. Akauliza tena. Akakohoa. Kofia ilikuwa inazunguka mikononi mwake.

"Mwalimu," mtoto akaninong'oneza, "babu anauliza kama mnajuana."

"Mwambie babu," nikamjibu mtoto, "kisu kimeshapita hapo."

Mtoto akamgeukia, akayarudia maneno yangu moja moja, kwa adabu, bila kuelewa. Ndipo mzee aliponitazama usoni.